Shahada Ipi kwa Mfanyakazi wa Kompyuta?

Wiki iliyopita tulipokea barua ya kijana mmoja wa miaka 31, mfanyakazi katika ofisi ya umma huko Kanda ya Ziwa. Jina lake hatulitaji, wala la ofisi yake. Kazi yake ni kutunza kompyuta. Akiitwa kwa printa iliyokwama huenda. Akiitwa kwa mtandao uliokatika huenda. Na usiku wa mwisho wa mwezi hulala ofisini ili mishahara ya wenziwe itoke kwa wakati. Ana stashahada ya TEHAMA, ana mke na watoto wawili, na ana fedha za kiwanja alichokiuza. Fedha hizo ataka kuzitia katika shahada. Atuuliza: asome nini?

Ametuwekea njia tatu. Ya kwanza, aache kazi aende chuo kikuu kwa muda wote akasome sayansi ya kompyuta. Ya pili, asome jioni shahada ya biashara, ambayo rafiki zake wamwambia ni nyepesi na humpandisha mtu cheo sawasawa na nyingine. Ya tatu, ajiandikishe katika chuo kimoja cha ng'ambo kinachomwahidi shahada ndani ya miezi 12 kwa njia ya intaneti, mradi alipe ada yote kwanza.

Tungaliweza kumjibu kwa barua ya faragha, na mambo yakaishia hapo. Lakini twajua kwamba vijana walio katika hali yake ni wengi mno. Wamo katika hospitali, katika mabenki, katika halmashauri, katika shule na katika maduka ya Kariakoo. Waliingia kazini kwa cheti au kwa stashahada, wakajifunza mengi kwa mikono yao, na sasa wanasimama mbele ya mlango wa chuo kikuu wasijue wabishe wapi. Kwa hiyo jibu letu twalitoa hadharani, na wakubwa wa kazi nao walisikie, kwa maana mbele yamo maneno yanayowahusu.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika 20. Miaka minne baadaye, mwaka 1965, kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha. Mashine ikaja kabla ya watu wa kuitawala. Wataalamu wa nyumbani walikuwa wachache, kazi ya mahesabu iliyotegemea mashine ikavurugika, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wako leo wanaoicheka marufuku ile. Sisi hatuicheki. Twaona ndani yake fundisho ambalo halijachakaa: taifa likinunua chombo bila kuwafundisha watu wake kukielewa, chombo hicho kitalitawala taifa.

Tangu hapo mambo yamegeuka. Mwaka 2008 fedha zilianza kupita katika simu za mkononi kwa M-Pesa. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulitua Dar es Salaam kutoka chini ya bahari, na wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Mwaka huo huo wafanyabiashara walianza kutumia mashine za EFD kutoa risiti za kodi. Mwaka 2017 malipo ya serikali yalianza kupita katika mfumo mmoja, na mama anayelipia hati ya kiwanja chake leo huuliza kontroli namba kama alivyokuwa akiuliza risiti zamani. Kompyuta si pambo tena juu ya meza ya mkubwa. Imeshika mshahara wa mwalimu, dawa ya mgonjwa na ardhi ya mkulima. Basi elimu ya yule anayeitunza si jambo lake peke yake; ni jambo letu sote.

Sasa wako wanaosema kwamba mtu wa kompyuta hahitaji shahada kabisa. Hoja zao tumezisikia, na si haki kuzipita bila kuzijibu.

Wanasema: Bill Gates aliacha chuo cha Harvard mwaka 1975, mbona akawa tajiri? Ni kweli aliacha. Lakini alianza kuandika programu mwaka 1968, akiwa mtoto wa miaka 13, katika shule iliyokuwa na chombo cha kuunganisha na kompyuta wakati ambapo vyuo vikuu vingi duniani havikuwa nacho. Alipotoka Harvard alikuwa na miaka saba ya mazoezi, na kazi ilikuwa inamngoja nje. Kijana wetu anayeacha masomo kwa kumwiga Gates anaiga kuondoka kwake tu, wala haigi miaka saba iliyotangulia.

Wanasema tena: vyeti vya makampuni vyatosha. Vyeti hivyo ni vyema, na mwenye navyo asiaibike. Lakini tuvitazame vilivyo. Cheti cha CCNA cha kampuni ya Cisco, kwa mfano, hudumu miaka 3, kisha mtu hana budi kukihuisha. Si kosa la kampuni. Chombo kikibadilika, cheti cha kukitumia chombo nacho hubadilika. Ila mtu aliyejengewa elimu yote juu ya vyeti vya namna hiyo ni kama mpangaji: kila baada ya muda hulipa kodi, na nyumba haiwi yake.

Na sasa wameongeza la tatu: kwamba akili mnemba imekuja, mashine yaandika programu yenyewe, basi ya nini kusoma? Twakubali kwamba tangu mwishoni mwa mwaka 2022 mashine hizo zimeenea, na kazi nyingine iliyokuwa ikimchukua mtu siku nzima sasa humchukua saa moja. Lakini mashine hiyo hukosea kwa sauti ile ile inayosemea kweli. Nani atakayeitambua? Ni yule ajuaye misingi. Asiyejua atapokea uongo na ukweli kwa pamoja, atautia katika daftari la mishahara, na mwisho wa mwezi watu watalia.

Zaidi ya hayo, upo ukweli mkavu wa maisha ya kazi. Katika utumishi wa umma, anayeitwa Afisa TEHAMA hutakiwa kuwa na shahada. Mwenye stashahada huwa fundi, hata kama ndiye anayemfundisha afisa kazi. Mtu anaweza kuuona utaratibu huo ni mgumu, lakini ndio uliopo, na mwenye watoto hali kwa kulalamika. Kwa hiyo kijana wetu hakukosea kutaka shahada. Tena tunampongeza. Swali ni ipi, na kwa sababu gani.

Tumeona sababu tatu mbaya ambazo watu huchagulia shahada.

Ya kwanza ni jina. Mtu husikia maneno "kompyuta", "usalama wa mitandao" au "akili mnemba", moyo ukamdunda, akajiandikisha. Jina la shahada ni bango la duka tu. Aingiaye dukani hutazama bidhaa. Shahada mbili zenye jina moja katika vyuo viwili zaweza kuwa na masomo tofauti kabisa. Na shahada mbili zenye majina tofauti zaweza kufundisha mambo yale yale. Mwombaji aitishe orodha ya masomo ya kila mwaka, aisome mstari kwa mstari, kisha aulize wanaofundisha ni nani na maabara iko wapi.

Ya pili ni wepesi. Hili ndilo tuliloliona katika njia ya pili ya kijana wetu. Hatusemi kwamba shahada ya biashara ni mbaya, tutaieleza mbele. Twasema kwamba kuichagua kwa kuwa ni nyepesi ndiko kubaya. Katika barua yake alidokeza kwamba tangu sekondari hakupenda hisabati. Ndugu yetu, hapo ndipo penye donda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtu akikimbia hisabati akiwa na miaka 31, itamngoja njiani akiwa na miaka 41, tena wakati huo atakuwa mkubwa wa ofisi na atakuwa anaona haya kuuliza.

Ya tatu ni njia ya mkato. Chuo kinachomwahidi mtu shahada ya miezi 12 na kumtaka alipe yote kwanza, chatufanya tushike mfuko wetu. Hatusemi kwamba kila chuo cha ng'ambo ni cha ulaghai, wala kwamba kusoma kwa intaneti ni kubaya. Vyuo vya heshima vinafundisha hivyo leo. Lakini nchi hii ina Tume ya Vyuo Vikuu, ambayo ndiyo yenye mamlaka ya kuzitambua shahada za nje. Kabla hajatoa senti moja, mtu na aiulize Tume. Asingoje kuuliza baada ya kulipa. Twakumbuka Aprili 2017, pale Dodoma, Rais John Magufuli alipopokea orodha ya watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Kughushi si sawa na kudanganywa na chuo. La kwanza ni kosa la jinai, la pili ni msiba. Lakini fundisho ni moja: karatasi isiyo na elimu nyuma yake ni deni, na siku moja mwenye deni hubisha hodi.

Basi achague kwa sababu gani? Wazee wetu wametuachia jibu, ingawa hawakuiona kompyuta. Walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Katika kazi hii ya kompyuta makoleo huvunjika kila siku. Windows XP, iliyotumiwa ofisi kwa ofisi, iliachwa na watengenezaji wake Aprili 2014. Windows 7 ikafuata Januari 2020. Adobe Flash, ambayo vijana wengi walilipa ada kujifunza, ilifikia mwisho Desemba 2020. Windows 10 nayo ikafikia mwisho wa kutunzwa Oktoba 2025. Mtu ambaye elimu yake yote ni kujua mahali pa kubonyeza katika programu fulani, kila programu hiyo ikifa hurudi kuwa mwanagenzi.

Lakini uhunzi umebaki. Kanuni ambazo kompyuta hutumia kuzungumza katika intaneti ziliwekwa katika mtandao wa ARPANET Januari mosi, 1983, na misingi yake inafanya kazi hata leo tunapoandika maneno haya. Mantiki ya ndiyo na hapana, ambayo kila kompyuta hufuata, iliandikwa na George Boole mwaka 1854, kabla ya taa ya umeme kuingia majumbani. Na mwaka 1970 Edgar Codd, mtu aliyesoma hisabati Oxford kisha akafanya kazi IBM, alieleza namna ya kupanga taarifa katika majedwali yanayohusiana. Mabenki, mahospitali na ofisi za serikali hupanga taarifa zao kwa njia hiyo mpaka leo. Ajuaye mambo hayo, koleo likivunjika hununua jingine na kazi ikaendelea.

Hapa twarudi kwenye barua. Kijana wetu alitusimulia jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo jibu la swali lake, ingawa mwenyewe hakulitambua. Mwezi mmoja mfumo wa malipo wa ofisi yake uliwalipa baadhi ya vibarua mara mbili. Aliitwa usiku, akaizima seva na kuiwasha, akahakikisha kila kitu kinafanya kazi, na asubuhi wakubwa wakamsifu. Mwezi uliofuata jambo likarudi. Safari hii wakaanza kumtazama kwa jicho la shaka, naye hakulala kwa siku tatu. Kisha akaja binti mmoja kutoka makao makuu, mdogo kwake kwa umri. Hakugusa seva. Aliketi, akasoma majedwali ya majina, na kwa muda wa saa moja akaona kosa. Mtu mmoja alikuwa ameandikwa mara mbili, huku Asha na huku Aisha, wala hapakuwa na namba moja ya kumtambulisha. Machoni pa mashine hao walikuwa watu wawili, nayo ikawalipa wote wawili. Mashine haikuwa mgonjwa. Ilifanya kama ilivyoambiwa, na kwa hiyo kuizima na kuiwasha kusingalisaidia hata mara mia.

Kijana wetu ameandika kwamba siku ile alitamani kujua alichokijua binti yule. Haya! Huo ndio mwanzo wa kuchagua. Asiulize shahada ipi ina jina, wala ipi ina mshahara. Ajiulize: ni wapi kazini kwangu maarifa yangu huishia, na mtu mwingine huanzia? Mahali hapo ndipo pa kuanza kusoma. Mfanyakazi ana faida kubwa kuliko kijana atokaye kidato cha sita, kwa kuwa yeye ameshakutana na maswali. Kilichobaki ni kutafuta majibu.

Kwa kipimo hicho tuzipitie shahada zenyewe kwa ufupi.

Anayeona kwamba hukwama katika programu yenyewe na mpango wa taarifa, huyo na asome sayansi ya kompyuta. Atakutana na hisabati, mantiki, mifumo endeshi na lugha za programu. Kwa kawaida ni miaka 3.

Anayekwama katika vyombo, nyaya, umeme na mawimbi, huyo na asome uhandisi wa kompyuta au wa mawasiliano. Kwa kawaida ni miaka 4, na fizikia hairuki mtu.

Anayekwama mhasibu au mganga mkuu anapomweleza shida yake na yeye asielewe lugha yake, huyo na asome mifumo ya taarifa, ambayo huchanganya kompyuta na uhasibu na uendeshaji wa shughuli. Shahada hii watu huidharau, lakini mifumo mingi hufa kwa sababu aliyeitengeneza hakuielewa kazi ya aliyeitumia.

Na yuko ambaye kompyuta anaijua vya kutosha, lakini amepewa kuongoza watu na bajeti. Huyo hakosei akisoma biashara au uchumi. Tena yuko ambaye kazi yake yamleta kila siku mbele ya sheria. Tangu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nchi yahitaji wanasheria wanaojua seva ni kitu gani, nao ni wachache. Kwa mtu wa namna hiyo shahada ya sheria si kuiacha kompyuta. Ni kuifuata hadi mahakamani.

Kwa hiyo shahada ya mfanyakazi wa kompyuta si lazima iwe na neno kompyuta. Tunao mfano wa nyumbani. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa mfanyakazi kabla ya kupata shahada. Alitoka Makerere na stashahada ya ualimu, akafundisha baiolojia na Kiingereza katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora. Mwaka 1949 alipokwenda Edinburgh hakufuata baiolojia aliyokuwa akiifundisha. Alisoma historia, uchumi, falsafa na mengineyo, akapata shahada mwaka 1952, akarudi kufundisha Pugu. Alichagua elimu iliyojibu maswali yaliyokuwa yakimsumbua, na matunda yake twayajua sote. Hatusemi kila fundi wa kompyuta atakuwa Mwalimu. Twasema njia ya kuchagua ni ile ile.

Sasa tuseme habari za fedha na wakati, maana shahada hailiwi hewani. Kuacha kazi na kusoma kwa muda wote ndiyo njia ya mkato kwa siku, lakini kwa mtu mwenye mke na watoto wawili ni kuweka nyumba nzima rehani. Wala mtumishi wa umma haondoki kwa kujiamulia tu. Huomba ruhusa ya masomo, na aondokaye bila ruhusa hupoteza kazi. Akopaye kwa Bodi ya Mikopo ajue kwamba tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 makato ni asilimia 15 ya mshahara, na mshahara wenyewe twaujua. Zipo njia nyingine. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wa namna hii hasa. Kina vituo katika mikoa, na mtu husoma akiwa kazini kwake. Vipo pia vyuo vinavyofundisha jioni, hasa katika miji mikubwa. Njia hizi ni ndefu, nazo zinataka mtu mwenye nidhamu ya kuamka saa kumi alfajiri wakati nyumba imelala. Lakini mshahara hauachi kuingia, na jambo ulilosoma jana usiku waweza kulijaribu kazini leo asubuhi. Mwanafunzi wa kutwa hana maabara kama hiyo.

Na mke wake ashirikishwe tangu mwanzo. Hatusemi hili kwa mzaha. Miaka minne ya jioni si ya mtu mmoja. Ni ya nyumba nzima. Tumeona masomo mengi yakivunjika nyumbani kabla hayajavunjika chuoni.

Tumesema kwamba wakubwa wa kazi nao yanawahusu, na hapa hatuna budi kuanza na sisi wenyewe. Miaka michache iliyopita ofisi hii ya gazeti ilikuwa na kijana aliyetunza kompyuta zetu za kupangia kurasa. Alituomba ruhusa atoke saa tisa alasiri, siku tatu kwa juma, ili awahi darasa. Tulimnyima. Tulisema kurasa hazingojei mtu. Hakugombana nasi; alifanya kazi hadi mwisho wa mwaka, kisha akaacha. Miezi michache baadaye seva ilikufa, na hapakuwa na mtu aliyejua nakala za akiba ziko wapi. Tulipoteza picha za miaka kadha, na baadhi yake hazitapatikana tena. Saa zile chache tulizomnyima zilitugharimu kumbukumbu ambazo fedha hazinunui. Tulikosa, na tunalisema hapa ili mwingine asikose kama sisi.

Kwa hiyo twawaambia wakuu wa ofisi: msimwone mfanyakazi aombaye kusoma kuwa ni mtoro. Mpeni saa zake, andikianeni mkataba kwamba atarudi na kutumikia miaka fulani, na msimwadhibu kwa kumhamishia mbali na chuo katikati ya masomo. Ofisi inayowazuia watu wake wasisome kwa hofu kwamba watahama, itabaki na wale wasioweza kuhama.

Na vyuo navyo tuna neno navyo. Mtu aliyefanya kazi miaka saba akitunza mitandao ya ofisi, mwamketisha darasani na kumfundisha namna ya kuwasha kompyuta. Mpimeni kwanza. Anachokijua kihesabiwe, na muda wake utumike kwa asichokijua. Tena wekeni masomo ya vitendo saa ambazo mfanyakazi aweza kuja. Chuo kinachosema kwamba kinafundisha wafanyakazi, kisha kikaweka maabara saa nne asubuhi siku ya Jumanne, hakisemi kweli.

Sasa twamjibu ndugu yetu wa Kanda ya Ziwa waziwazi. Njia ya tatu aiache, fedha za kiwanja zisiende ng'ambo kwa ahadi. Njia ya pili aiache pia, kwa kuwa hakuichagua kwa kuipenda biashara bali kwa kuikimbia hisabati. Ya kwanza ina somo linalomfaa, lakini mwendo wake haumfai mwenye familia. Basi achukue somo la njia ya kwanza kwa mwendo wa njia ya pili: sayansi ya kompyuta au mifumo ya taarifa, huku akibaki kazini, katika chuo kinachotambuliwa, baada ya kusoma orodha ya masomo na kuhakikisha kwamba mpango wa taarifa umo na hisabati imo. Kabla ya kujiandikisha, atumie miezi sita kuirudia hisabati ya sekondari pamoja na mwalimu yeyote wa jirani. Haitamgharimu nusu ya ada ya muhula mmoja. Akiona baada ya miezi hiyo kwamba anaiweza, na aingie bila hofu. Akiona haiwezi kabisa, atakuwa ameujua ukweli kwa bei ndogo, na ndipo biashara itakuwa uchaguzi na si kimbilio.

Itamchukua muda mrefu kuliko alivyotaka. Pengine atavaa joho akiwa na miaka 36. Na awe nayo. Miaka 36 ataifikia hata asiposoma. Lakini usiku mmoja wa mwisho wa mwezi, malipo yatakapovurugika tena katika ofisi fulani, ataketi yeye mbele ya majedwali asiguse seva, na vibarua watapata haki yao asubuhi, kila mtu mara moja. Hapo ataona kwamba kiwanja chake hakikupotea.